Chaneli Nane Ni ya Nani?

(Maneno niliyoyasema mbele ya Waswahili wenzangu wa Houston, Texas, Jumamosi moja jioni. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikafuta tu pale nilipopotea njia.)

Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama mlioshinda jikoni tangu asubuhi, ndugu mliotoka Alief na Sharpstown na kule mbali Katy, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango mkidhani sikuwaona: hamjambo? Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Mmeniomba niseme dakika ishirini juu ya vyombo vya habari na sisi wageni. Kwa mtu aliyekwisha shiba pilau, mada hiyo ni nzito. Nimeikata. Nitasema juu ya chaneli moja tu, chaneli nane ya mji huu, ile ambayo wengi wenu mnaipita na rimoti mkikimbilia mpira.

Tulipofika hapa hatukuwa na pesa ya kebo. Nilinunua antena ya vijiti viwili nikaifunga dirishani kwa kamba ya kiatu. Ilinasa chaneli chache, nane ikiwemo. Mwanangu alikuwa na miaka sita, Kiingereza hajui hata cha kuombea maji, akawa anashinda mbele ya hiyo nane mpaka mama yake arudi kazini. Siku moja akaniuliza, "Baba, nane ni ya nani? Mbona haiuzi kitu?" Maana zile nyingine kila mara zilikuwa zinamuuzia gari, godoro, au wakili wa ajali. Nikamjibu ni ya chuo kikuu. Akauliza, "Na chuo ni cha nani?" Nikamwambia akalale.

Mtoto yule sasa ananilipia simu, lakini swali lake bado sijalilipa. Leo nitajaribu.

Kwanza mjue nimetoka wapi. Mimi ni mtu wa Tanga. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, na Mombasa ilikuwapo ya Kenya. Basi sisi kule Ngamiani tulikuwa tunasimamisha mlingoti mrefu kama wa jahazi, mmoja anapanda juu ya bati kuuzungusha, mwingine yuko ndani anapiga kelele, "Hapo hapo! Umepitiliza! Rudi!" Jirani nao wamejaa ukumbini kama kuna maziko. Kwa hiyo mtu asinifundishe thamani ya wimbi linalokufikia bila kukuomba hati ya kusafiria. Hilo nililijua kabla sijavaa suruali ndefu.

Sasa twende Marekani ya 1948. Vita vimekwisha juzi, televisheni ndiyo mali mpya, na kila mwenye fedha anataka leseni. Masafa ya hewani ni kama viwanja: ukigawa hovyo, choo cha huyu kinaingia jikoni kwa yule. Vituo vilikuwa vimeanza kuingiliana. Tume ya mawasiliano ya nchi, FCC, ikasimamisha ugawaji wote mwezi Septemba mwaka huo ili ipange upya ramani. Kazi iliyodhaniwa ya miezi ikachukua zaidi ya miaka mitatu na nusu. Muda wote huo Houston, mji wa mafuta na pesa, ukawa na kituo kimoja tu cha televisheni, chaneli 2, kilichoanza siku ya mwaka mpya 1949.

Mwaka ule ule wa 1948 Rais Truman alimteua mtu mpya ndani ya tume: Frieda Hennock, mwanamke wa kwanza kukaa katika kiti hicho. Alikuwa wakili wa New York, lakini hakuzaliwa New York. Alizaliwa Kovel, mji ambao leo uko Ukraine, akaletwa Marekani angali mtoto mdogo. Mhamiaji, jamani. Mwenzetu. Huyu mama akaja na neno moja akalishikilia mpaka wenzake wakachoka naye: kabla hamjamaliza kugawa viwanja, tengeni vya shule. Kwa sababu shule haziwezi kukimbia mbio za kampuni. Chuo kikitaka kununua kamera, kinaunda kamati. Kamati inaunda kamati ndogo. Kabla hawajakubaliana juu ya chai ya kikao, mfanyabiashara amekwisha jenga mnara.

Wenzake hawakushawishika upesi. Walisema ni kupoteza masafa, ni kuwawekea akiba watu wasiojua hata watayafanyia nini. Ndipo wataalamu wa elimu waliokuwa upande wake wakafanya jambo ninalolipenda kuliko yote katika hadithi hii. Januari 1951 walikaa wiki nzima mbele ya televisheni za New York, mji uliokuwa na vituo saba, wakaandika kila kilichopita. Kila kipindi, kila tangazo, dakika kwa dakika. Wiki ikaisha, wakaja na daftari mbele ya tume: hizi hapa hadithi za farasi na bastola, haya hapa matangazo, na elimu mnayosema wafanyabiashara wataileta wenyewe, ionyesheni iko wapi. Hakukuwa na haja ya kupaza sauti.

Aprili 1952 ramani mpya ikatoka. Chaneli 242 nchi nzima zilitengwa kwa ajili ya elimu. Lakini hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ugawaji wa viwanja tunaujua sisi. Kati ya hizo 242, ni 80 tu zilizokuwa katika masafa ya VHF, yale ambayo kila televisheni ya wakati ule iliyashika. Zile 162 zilikuwa UHF, na televisheni nyingi majumbani hazikuwa na uwezo wa kuzipata. Sheria ya kuvilazimisha viwanda vitengeneze televisheni zinazoshika zote ilikuja 1962, ikaanza kuuma 1964. Yaani umepewa kiwanja, hati unayo, barabara ya kufikia itajengwa miaka kumi na miwili baadaye. Houston ilibahatika: ikaangukiwa na namba nane, VHF. Bila bahati hiyo ndogo ya kifundi sidhani kama leo ningekuwa na la kuhadithia.

Chuo Kikuu cha Houston kikaungana na wilaya ya shule za mji kuomba leseni, na tarehe 25 Mei 1953 kituo cha KUHT kikaanza kurusha matangazo. Kilikuwa cha kwanza Marekani katika zile chaneli za akiba. Kama kuna mtu wa Iowa humu atanibishia kwamba chuo chao kilianza 1950, na ni kweli, lakini kile kilikuwa kinauza matangazo ya biashara kama duka lolote. Studio ya Houston ilikuwa ghorofa ya tano ya jengo la Ezekiel Cullen, lile refu jeupe mnaloliona mkipita chuoni. Tarehe 8 Juni Hennock mwenyewe alikuja kwenye uzinduzi. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba mbele ya televisheni kuta za darasa zinatoweka, na kila nyumba inayofikiwa na wimbi inaweza kuwa darasa.

Na darasa likaanza kweli. Profesa kijana wa saikolojia, Richard Evans, alisimama mbele ya kamera akafundisha somo la chuo, la mtihani na alama, watu wakiwa wamekaa kwao. Masomo ya aina hiyo yalifikia saa 13 hadi 15 kwa wiki, asilimia 38 ya ratiba nzima ya kituo, na mengi yaliwekwa usiku. Kwa nini usiku? Kwa sababu mwanafunzi aliyekusudiwa mchana alikuwa kazini. Nyinyi mnaofanya zamu kwenye viwanda vya mafuta kule Pasadena na Baytown mtanielewa. Mtu anarudi, buti zina grisi, anakula, anafungua daftari mbele ya kisanduku chenye picha ya weusi na weupe, na profesa anamwambia habari za kumbukumbu na ndoto. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, ukijumlisha saa za masomo ambazo wanafunzi waliandikishiwa kupitia nane, zilikuwa zimepita 100,000.

Nitoke nje ya njia kidogo, mwenyekiti usinitazame saa. Huyu Evans mwaka 1957 alisafiri hadi Zürich na kamera, akarekodi saa nyingi za mazungumzo na Carl Jung, yule mganga wa nafsi wa Uswisi, akiwa mzee sana. Picha hizo bado zinatazamwa duniani. Na Jung huyo, mwaka 1925, alikuwa ameshuka Mombasa, akapanda treni ya Nairobi, akaenda kukaa na watu wa Mlima Elgon, akiwasemesha Kiswahili chake cha kubahatisha. Leo kituo hiki kiko mtaa wa Elgin. Elgon, Elgin. Najua haina maana yoyote, lakini kila nikipita pale nacheka peke yangu ndani ya gari. (Watu walicheka. Mzee mmoja wa Bungoma alicheka kuliko wote.)

Turudi. Nimewaambia kuta za darasa zilitoweka. Geti halikutoweka. Mwaka 1953 Chuo Kikuu cha Houston kilikuwa hakipokei mwanafunzi mweusi. Waliopata elimu ya juu walivuka mitaa michache tu hadi Texas Southern, chuo kilichoanzishwa na jimbo 1947 ili weusi wasiombe nafasi kwa weupe. Vyuo hivyo viwili ni majirani, vyote viko Third Ward, mtaa wa weusi. Ukitupa jiwe kwa mkono wa shabaha unaweza kuvunja dirisha la mwenzio. Chuo cha Houston kilifungua mlango 1962. Kwa hiyo kwa miaka tisa wimbi la chaneli nane liliingia katika nyumba za Third Ward bila kubisha hodi, likitoka katika jengo ambalo mwenye nyumba hizo akienda kujiandikisha anarudishwa. Sijui mtu huyo alikuwa anajisikiaje akitazama. Ila mkisikia mtu anasifu teknolojia kwamba inawafikia wote, muulizeni pia habari za geti.

Juu ya fedha nitapita haraka, ingawa ndiyo inayoua. Kituo cha pili cha namna hii nchini kilikuwa Los Angeles, chini ya Chuo Kikuu cha Southern California, kilianza mwishoni mwa 1953. Walipewa UHF, na kilisimama juu ya mfuko wa tajiri mmoja. Tajiri akajitoa, na Septemba 1954 kituo kikazima taa. Hakikufikisha hata mwaka. Nane ya Houston iliona miaka ya ukame pia, lakini ilikuwa na chuo kizima nyuma yake, na baadaye ikaja sheria ya 1967 iliyoleta fedha za serikali kuu kwa redio na televisheni za umma. Aliyeitia saini ni Lyndon Johnson, ambaye katika ujana wake alikuwa mwalimu wa sekondari hapa hapa Houston. Alikuwa anafundisha nini? Kuhutubia. Kwa hiyo mimi leo namheshimu mara mbili.

Sasa nifike kwenye kiini cha swali la mwanangu.

Mwaka 1980 kulikuwa na filamu iliyotengenezwa na Waingereza juu ya binti wa ukoo wa kifalme wa Saudi Arabia aliyeuawa pamoja na mpenzi wake. Ilichanganya uchunguzi na maigizo. Serikali ya Saudi ilikasirika sana. Televisheni ya umma ya Marekani, PBS, ilipanga kuirusha nchi nzima tarehe 12 Mei. Kumbukeni hali ya wakati ule: Wamarekani walikuwa mateka Tehran tangu Novemba, bei ya mafuta iko juu, na huu ni mji wa mafuta. Siku chache kabla ya kipindi, chuo kikatangaza kwamba chaneli nane haitairusha. Aliyeamua hakuwa mkuu wa vipindi. Hakuwa hata meneja wa kituo. Alikuwa makamu wa rais wa chuo anayeshughulikia habari kwa umma na mahusiano ya chuo, mtu ambaye kuchagua vipindi haikuwa kazi yake ya siku zote. Sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba Saudi Arabia imepinga kwa nguvu na kwa sababu zinazoeleweka, wakati Mashariki ya Kati tayari pamechafuka.

Kumbukumbu za mahakama zinataja mambo mengine mawili, nami nayataja bila kuongeza chumvi. Chuo kiliwahi kuwa na mkataba na ukoo huo wa kifalme wa kumsomesha binti wao mmoja. Na sehemu kubwa ya michango ya watu binafsi kwa chuo ilitoka kwa makampuni makubwa ya mafuta. Haikuthibitishwa kwamba kuna aliyepiga simu. Lakini sisi tuliotoka kwenye nchi zetu tunajua kwamba simu haipigwi kila mara. Mtu mzima anajua mwenyewe asichotakiwa kukifanya.

Basi mwanamke mmoja mkazi wa hapa, mtazamaji tu, akaenda mahakamani. Akasema: hiki ni kituo cha chuo cha serikali, ni cha umma, mimi ni umma, na serikali haina haki ya kunizuia nisione kitu kwa sababu kinamkera mfalme wa nchi nyingine. Shauri likafika kwa Jaji Gabrielle McDonald. Jina hilo lishikeni. Alikuwa ameteuliwa mwaka mmoja tu nyuma, jaji wa kwanza mweusi wa mahakama za serikali kuu katika Texas nzima, na aliwahi kufundisha sheria pale Texas Southern, kwa wale majirani waliokuwa wakifungiwa geti. Akaamua: filamu irushwe.

Mahakama ya Rufaa ikasitisha amri hiyo kabla filamu haijaruka. Ombi likakimbizwa hadi kwa Jaji Lewis Powell wa Mahakama ya Juu ya Marekani, naye akakataa kuingilia. Usiku wa tarehe 12 chaneli nane ikaonyesha kitu kingine. Kesi yenyewe iliendelea, ikaunganishwa na nyingine ya Alabama iliyofanana nayo, na mwaka 1982 majaji wote wa rufaa walikaa pamoja wakatoa uamuzi: kituo cha televisheni cha umma si uwanja wa wazi ambapo kila raia ana haki ya kupanda jukwaani. Wanaokiendesha wana haki ya kuchagua cha kurusha na cha kuacha, na mtazamaji hawezi kuwalazimisha kwa amri ya mahakama. Baadhi ya majaji walipinga, lakini wengi wape. Mama yule akashindwa.

Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka mingi, na nitawaambia ninavyoona, mkikataa mtakataa. Naona chuo kilikosa, na mahakama ilipatia.

Chuo kilikosa kwa sababu kilimkabidhi kalamu ya mhariri mtu wa mahusiano. Kazi ya mtu huyo ni kuhakikisha wageni wakubwa hawanuni, na ni kazi halali kabisa, nyumba yoyote inahitaji mtu wa kupokea wageni. Ila huyo hamumpi aamue nini kisemwe ukumbini. Mahakama nayo ilipatia, ingawa moyo wangu uko kwa yule mama. Leo jaji akiweza kukiamuru kituo kirushe ninachokipenda, kesho gavana ataleta mawakili wake kiamriwe kurusha anachokipenda yeye. Mimi nimekulia mahali ambapo taarifa ya habari ilianza na "Rais leo", ikamalizia na "Rais kesho". Sitaki amri itoke juu, hata ikitoka kwa jaji mwema.

Kwa hiyo ni ya nani? Kwa karatasi, mwenye leseni ni Mfumo wa Chuo Kikuu cha Houston, chini ya bodi ya wakuu inayoteuliwa na gavana. Lakini mimi nikimtafuta mwenye nyumba simtafuti kwenye hati. Namtafuta aliyeona bomba linavuja akaamka usiku. Katika mwaka wote ule wa 1980, aliyefanya kama mwenye nyumba alikuwa yule mama. Alikitaka kituo kiwe bora kuliko waliokiendesha walivyothubutu, akatumia muda wake na akakubali kuonekana msumbufu. Wengine waliudhika, wakabadilisha chaneli. Yeye peke yake alikwenda kugonga mlango.

Na Jaji McDonald je? Mwaka 1993 alichaguliwa kwenda The Hague, kwenye mahakama ya kimataifa ya Yugoslavia ya zamani, akawa rais wake. Wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo mnajua kwamba chumba cha rufaa cha The Hague ndicho kilichosikiliza pia rufaa za mahakama ya Arusha. Mwaka 1999 alikuwa anaongoza jopo lililopokea shauri la mmoja wa waasisi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji ya Rwanda. Sina haja ya kuwaeleza zaidi. Humu ndani kuna watu walioisikia kwa masikio yao, na sitawarudisha huko usiku wa furaha. Nasema tu kwamba jaji aliyeanza na swali la filamu moja katika chaneli ya chuo, Houston, alifika mpaka kwenye redio ile.

Niwape kisa kimoja cha karibu, ambacho wengi wenu mlikuwapo. Agosti 2017, kimbunga Harvey. Mnakumbuka maji. Chaneli 11, kituo kikubwa cha biashara, kilikuwa na jengo lake kando ya Buffalo Bayou, kwenye barabara ya Allen Parkway. Maji yakaingia, watangazaji wakahama wakiwa hewani. Wakaenda wapi? Elgin, kwa chuo. Chaneli nane ikawapisha studio, na kwa miezi mingi tajiri alikaa kwa ndugu yake maskini akirusha habari kutoka kwenye meza za kuazima. Mimi nilikuwa nimehifadhi majirani wawili na kuku wao kwenye ghorofa ya juu, kwa hiyo niliwaelewa vizuri.

Mwaka 2025 mambo yaligeuka tena. Mwezi Julai Bunge la Marekani liliondoa dola bilioni 1.1 zilizokwisha tengwa kwa vyombo vya umma kwa miaka miwili, na shirika lililogawa fedha hizo, lile lililozaliwa na sheria ya Johnson, likatangaza linafunga kazi. Sina hesabu za hapa mezani na sitabahatisha. Lakini nawakumbusha Los Angeles ya 1954. Mfuko mmoja ukizibwa, unatazama kama kuna mingine.

Wengine watasema, sisi inatuhusu nini, Kiswahili hakimo mle. Ni kweli. Mji huu umepokea Wakongo wengi waliopitia makambi ya Tanzania, Uganda na Burundi. Kuna majengo Sharpstown ukipita jioni unasikia Kiswahili cha Bukavu kutoka kila baraza. Na sijaona kipindi cha wao. Nilipomwambia rafiki yangu mmoja hivyo, akanijibu, "Hawatupendi." Nikamuuliza, umewahi kuwaandikia? Hajawahi. Umewahi kwenda? Hajui hata kiliko. Wale wa New York walikaa wiki nzima na daftari. Sisi tumekaa miaka ishirini na rimoti.

Ninaomba jambo dogo. Wale vijana wa mlangoni, mliojifunza kupiga picha za video kwenye harusi zetu, na wengine naambiwa mnasoma hapo hapo chuoni: chukueni wiki moja, mwandike nane inarusha nini, lini, kwa lugha gani, na mji huu unazungumza nini ambacho hakimo. Mtuletee. Bodi ya chuo hukutana kwa vikao ambavyo sheria ya Texas inataka viwe wazi, na tangazo hubandikwa kabla. Nitakwenda na nyinyi, koti ninalo. Nimekwisha muomba mwanangu atuendeshe, akaniuliza tukienda tutasema sisi ni nani. Nimemwambia tutalijadili njiani, kuna foleni ndefu barabara ya 59.

Haya, chai imeiva huko nyuma, na mama Asha amekaanga mandazi yasiyotosha. Maswali nayapokea. Aanze aliyekasirika.